Kaskazini Mbili

Mvua ilipoanza, watu wa sokoni walifanya kosa lile lile wanalolifanya kila mwaka: waliteremka mbio kwenye njia ya chini ya barabara ili wasilowe. Ndani kulikuwa na wauza mikoba, wauza chaja, fundi wa saa na harufu ya viatu vibichi. Punde maji yakaanza kupanda. Hayakuja kwa ngazi, kama mtu angetegemea. Yalitoka sakafuni, kwenye vichujio vya mfereji, yakiwa meusi na baridi. Watu wa mbele wakarudi nyuma, wa nyuma wakasukuma mbele, na katikati hakukuwa na pa kwenda.

Mchora ramani wa manispaa alikuwa hapo katikati. Alivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, na begani alining'iniza kasha refu la plastiki. Kati ya watu wote waliokuwa mle, yeye ndiye aliyepaswa kujua asiingie.

"Dada, panda huku! Hivyo viatu vitaogelea bila wewe."

Aliyeita alikuwa mwanamume aliyesimama juu ya kaunta ya kibanda cha miwani. Shati lake lilikuwa la rangi ya haradali, mikono imekunjwa; miwani moja ilikuwa puani na nyingine kaisahau utosini. Alimshika mkono, akamvuta juu.

"Lete hilo bomba nikuwekee kwenye rafu."

"Si bomba. Ni kasha la ramani."

"Ya kutokea humu?"

Watu wakacheka. Hata mwanamke aliyekuwa amebeba ndoo kichwani kama kofia akacheka. Mchora ramani hakucheka, ila alimpa kasha.

"Maji gani haya," alisema yule wa miwani. "Mvua yenyewe haijakolea."

"Si ya mvua. Mvua imeyaamsha tu. Hapa tuliposimama palikuwa na mkondo wa maji ya chumvi. Mashua zilipita."

"Nani kakwambia?"

"Baharia mmoja wa Kizungu. Alikufa zamani."

"Mnaongea mara nyingi?"

"Kila siku ya kazi."

"Basi nina mpinzani, na hana hata pa kumpiga." Akachukua kioo cha kukuzia kilichokuwa kinachungulia kwenye mkoba wake. "Hiki kimekwaruzika. Hebu tazama bei ile pale, nikuone unavyotumia."

Alitazama. Yule wa miwani akamrudisha mkono chini taratibu.

"Unafumba jicho moja."

"Mazoea ya kazi."

"Mabaya hayo. Jicho moja linaona sana, ila halijui umbali. Nitakung'arishia kioo, uje kukichukua. Na rafu yangu inalipiwa. Nipe namba ya simu."

Alimpa. Baadaye alijiambia kwamba alikuwa amezingirwa na maji na hakuwa na la kufanya. Alikuwa mtu wa ukweli katika mambo yote, lakini hapo alijidanganya.

* * *

Nyumbani kwa mchora ramani mlango ulikuwa wa chuma, wenye komeo tatu. Baba yake, mwashi mstaafu, alizifunga zote jua likishuka, moja baada ya nyingine, kwa mlio ambao binti aliujua kuliko sauti ya mtu yeyote. Nyumba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na tangu afiwe na mke hakulala nje yake hata mara moja. Kaka mkubwa aliishi ng'ambo. Akipiga simu alisema, "Wewe ndiye uliye karibu naye, dada," kama vile ukaribu ni cheo.

Wachumba waliwahi kuja. Mzee hakuwafukuza. Alikaa tu kwenye kiti chake mkabala nao, mikono magotini, akakohoa, akatazama ukuta aliojenga, mpaka mgeni akakumbuka kwamba ana shughuli mahali.

Chumba cha binti kilikuwa cha nyuma. Ukutani, nyuma ya kabati, kulikuwa na doa la unyevu refu kama mtu. Mzee alilipiga plasta kila kiangazi. Kila masika likarudi. Nguo za upande ule zilinuka ukungu, hivyo alizijaza upande wa pili, na kabati likabaki pale pale.

Simu za jioni alizipokelea jikoni, bomba likiwa wazi.

"Uko wapi?" aliuliza Miwani. Ndivyo alivyomwandika kwenye simu.

"Jikoni. Naosha vyombo."

"Vyombo gani kila siku hivyo? Kwenu ni hoteli?"

"Baba anasikia."

"Basi mpe simu nimsalimie."

"Thubutu."

"Ramani, mpenzi wangu, una miaka mingapi?"

"Ya kutosha kuosha vyombo."

Alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyelala chali. Binti alifunga macho kukisikiliza. Kisha sebuleni mzee akakohoa, naye akasugua sufuria safi kwa nguvu.

Mchana walikutana kibandani. Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akavua koti la ofisini, akamweleza kazi yake kwa maneno mengi kuliko aliyoyasema nyumbani kwa mwezi mzima. Ramani zilikuwa tatu, zote zimechorwa na Wazungu. Mmoja alichora bila kufika. Alinakili ya mwenzake na makosa yake yote, akaongeza tembo mahali alipoishiwa habari. Wa pili alikuwa mfanyabiashara aliyejali maghala tu. Wa tatu ndiye baharia: mtu aliyepima kwa kamba na dira, akaandika kina cha maji kwa tarakimu ndogo kama mbegu za ufuta. Yeye ndiye aliyeuonyesha mkondo wote, kutoka bandarini, katikati ya mji, hadi mabwawani. Baada yake mkondo ukafukiwa kwa kifusi na taka, ukajengewa, ukasahauliwa.

"Na wewe unaufufua."

"Manispaa inaufufua. Wanataka kuchimba mfereji wa wazi ili mji usizame kila masika. Mimi nailaza ramani ya baharia juu ya picha ya setilaiti, nachora mstari. Nyumba zitakazokutwa juu yake zitabomolewa. Wenyewe watahamishiwa kwenye maghorofa nje ya mji."

Miwani aliipuliza lenzi, akaifuta kwa pindo la shati.

"Una kalamu nzito, Ramani."

Hakuuliza mstari unapita wapi, siku hiyo wala siku nyingine.

* * *

Ulipita nyumbani kwa mama yake Miwani.

Aliuona mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, asubuhi moja, chai ikiwa mkononi. Mstari ulitoka bandarini kwenye mnara wa forodha ya zamani, jengo pekee lililokuwa kwenye ramani zote na bado limesimama. Ukapita chini ya ile njia ya chini, sawasawa, kama ulivyotakiwa. Kisha ukaingia mtaa wa mafundi cherehani na kukata nyumba ya ghorofa moja yenye milango ya kijani, ile aliyosimuliwa mara nyingi na Miwani. Chini yake mama wa Miwani alishona sare za shule. Juu kulikuwa na vyumba vya kuishi.

Kanuni ya ofisi ilikuwa fupi: mstari hautajwi kabla ya kutangazwa. Alikubaliana na kanuni hiyo. Angeikubali hata kama asingekuwa mwoga.

Jumapili aliitwa kula. Alivaa gauni la samawati alilolificha kwenye mfuko na kulibadilishia ofisini, kama mwizi.

"Karibu, mkwe," alisema mama, mwanamke mfupi mwenye futi ya kitambaa shingoni na pini mdomoni. "Mwanangu kasema unahesabu maji yaliyokufa. Kazi nzuri. Yaliyo hai yanasumbua."

"Mama, mwache ale kwanza."

"Anakula. Mwanamke mwembamba hivi, hata nikimpimia nguo naona kama namwibia kitambaa chake. Ongeza, binti yangu."

Akaongeza. Cherehani ya mama ilikuwa ya kukanyaga, ya zamani, na miguu yake ya chuma ilisimama juu ya sakafu nyekundu iliyong'arishwa, kavu kama kigae. Macho ya mchora ramani yaliona jambo hilo. Akili haikulichukua. Ilikuwa imejaa kitu kingine: alimeza kila tonge akijua.

Alama zilipakwa siku ya kazi, mchana kweupe. Vijana wa manispaa walipita na ndoo ya rangi, wakichora X nyekundu ya kubomolewa kwenye kila mlango ulioorodheshwa. Simu ililia kabla mchora ramani hajafika ofisini kutoka chakula cha mchana.

"Ulijua ulipokuwa unakula?"

Hakukuwa na "mpenzi", wala "Ramani".

"Nilijua."

"Ukaongezewa na kuongezewa."

"Mama yako alinilazimisha."

"Usinichekeshe. Nakuomba, leo usinichekeshe."

"Kanuni ya kazi—"

"Na mimi nilikuwa na kanuni. Sikukuuliza. Nilisema, likiwepo la kuambiwa, ataniambia, hata kwa kukunja uso tu. Ungekunja uso, ningeelewa. Mama ameketi hapa na mkasi mkononi, hakati, hashoni. Anauliza yule binti alikuja kula au alikuja kupima."

"Nilikuja kwa sababu ulinialika."

"Basi sasa mwalike baharia wako."

Akakata. Jioni hiyo bomba la jikoni lilikaa kimya. Mzee aliinua kichwa sebuleni, akasikiliza, akakishusha. Komeo zikalia zote tatu.

* * *

Ilikuwa wiki ya kutazama kuta. Ofisini ukuta, nyumbani ukuta, na usiku lile doa nyuma ya kabati, ambalo halionekani lakini linanuka. Kumlilia Miwani hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akafanya alichokijua: alipanga mambo yaliyothibitika.

Maji ya njia ya chini yalithibitisha mstari. Vizuri. Mtaa wa mafundi cherehani ulipaswa kuuthibitisha pia. Akasimama hapo. Nyumba iliyojengwa juu ya mkondo wa chumvi, na cherehani ya chuma iliyokaa sakafuni miaka yote hiyo bila doa la kutu. Hilo lilikuwa limesimama mbele yake naye anatafuna.

Alitoa ramani ya baharia, akachukua kioo kilichong'arishwa upya, akainama juu ya pembe ya karatasi palipochorwa ua la dira, alama ya kuonyesha pande za dunia. Akajikuta amefumba jicho moja. Akalifumbua.

Kwenye ua kulikuwa na mishale miwili. Mmoja mrefu, wenye taji, umenyooka kwenda juu. Mwingine mwembamba, umelala upande kidogo. Sindano ya dira haielekei kaskazini halisi. Hukengeuka, na kila mpimaji anajua inabidi karatasi izungushwe kufuta mkengeuko huo. Alikuwa ameizungusha. Ofisi nzima huzungusha. Ndivyo walivyofundishwa, na kwa ramani nyingi za mabaharia ndivyo ilivyo. Lakini mshale wenye taji, ule wa kaskazini halisi, ulikuwa umekwisha kunyooka. Mchongaji wa bamba la kuchapia huko Ulaya alikuwa ameisahihisha ramani kabla ya kuichapa, na ule mshale mwembamba, wa sindano, aliuacha kama taarifa tu. Yeye alikuwa amesahihisha kitu kilichokwisha sahihishwa.

Na alitumia alama moja tu ya kushikilia, ule mnara. Karibu na mnara karatasi ikizunguka haisogei sana; ndiyo maana njia ya chini iliangukia mahali pake na kumpa imani. Mbali na mnara, kosa lilitanuka mtaa baada ya mtaa.

Akatafuta alama ya pili. Ilikuwepo muda wote: kisima, duara lenye nukta, ambacho leo kimefunikwa kwa zege nyuma ya shule ya wasichana. Akaishikiza ramani kwa vyote viwili. Picha ikageuka kwenye kioo cha kompyuta, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mstari ukatoka mtaa wa mafundi cherehani, ukavuka barabara kuu, ukaingia mtaa mwingine, ukapita katikati ya nyumba yenye mlango wa chuma. Kwa usahihi zaidi, ukapita chumba cha nyuma, upande wa kabati.

Alikaa. Jibu lile lilimpendeza, na hilo ndilo lililomtisha. Kwa mpigo mmoja lilimrudishia mwanamume na kumvunjia gereza. Majibu ya namna hiyo hayaaminiki. Akafuta kila kitu, akaanza upya. Mstari ukarudi pale pale.

* * *

"Baba, nataka nikuonyeshe ramani."

"Nina macho mabovu."

"Kuna mtu anatengeneza miwani."

Mzee alimtazama. Kisha akanyanyuka, akaenda chumba cha nyuma, akashika kabati kwa mikono yake ya mwashi na kulisogeza peke yake, miguu ya mbao ikilia sakafuni. Doa lilikuwa limepanda kuliko binti alivyodhani. Lilifika karibu na dari.

"Mimi ni mwashi," alisema. "Unadhani siujui ukuta unaolia? Nilipochimba msingi nilikuta tope jeusi na makombe ya baharini. Nilimwaga mawe mpaka mgongo ukapinda. Kila mwaka napiga plasta, kila mwaka yanarudi."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama yako angesema tuhame. Kisha akafa. Kisha ningekwambia wewe, ungehama wewe." Aligusa ukuta kwa kiganja, kama anayepima homa. "Kaka yako alihama bila hata ukuta kulia."

"Kwa hiyo ukanilaza hapa."

"Ndicho chumba kilichokuwa mbali na mlango."

Alisema hivyo bila ukali, kama fundi anayeeleza kwa nini boriti ipo pale ilipo. Binti alitaka kukasirika akakuta hasira haipati pa kusimama. Miaka yote alidhani mlinzi yuko nje ya seli. Kumbe walifungwa wawili, na mmoja wao alikuwa na funguo tu.

"Nikiupeleka mstari huu, wanabomoa."

"Na usipoupeleka?"

"Wanabomoa kwa mshona nguo mmoja, pasipo na maji. Na mji utazama vile vile."

Mzee aliukwangua ukuta kwa ukucha; plasta ikadondoka.

"Mstari umenyooka?"

"Umenyooka."

"Basi."

Mkuu wake wa kazi, mama mtu mzima asiyependa kurudia jambo, alisoma karatasi zote mbili, ya zamani na mpya, akavua miwani.

"Unajua huu mpya unapita kwa nani?"

"Kwetu."

"Na ule wa kwanza?"

"Kwa watu wa mchumba wangu. Alikuwa mchumba."

"Maskini we. Sasa mimi nitamwambiaje mtu kwamba huna upande?"

"Mwambie apime mwenyewe. Mnara na kisima, vyote viwili."

Wakapima. Wakapima tena kwa watu wengine. Kisha wakachimba shimo dogo kwenye uchochoro kando ya nyumba ya mwashi, na tope jeusi likatoka, na makombe.

* * *

Siku ya kupaka alama, mawingu yalikuwa yameshuka. Kijana wa manispaa alisimama mlangoni na brashi, akaanza mstari wa kwanza, ukapinda.

"Lete hapa," alisema mzee.

"Mzee, hii ni kazi ya serikali."

"Na huu ni mlango wangu. Hata kubomolewa kuna ufundi wake." Akachukua brashi, akafuta kile kilichopinda kwa kitambaa, akachora X kwa mipigo miwili, kona kwa kona. Akarudisha brashi, akaingia ndani, akafunga komeo, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaketi kwenye kiti chake.

Mvua ikaanza. Simu ikalia. Binti alikuwa jikoni kabla hajajua kwamba ametembea, na mkono wake ulikuwa juu ya bomba. Akautazama mkono. Akaushusha.

"Uko wapi?" aliuliza Miwani.

"Jikoni."

"Mbona leo hakuna mafuriko?"

"Vyombo ni safi."

Sauti yake ilikuja na kelele za mvua nyuma yake.

"Wamekuja kufuta X ya mlango wa mama kwa chokaa. Nikawauliza mstari umekwenda wapi. Hawakutaka kusema. Nikafuata ndoo ya rangi mtaa kwa mtaa."

"Uko wapi wewe?"

"Hapa nje. Hii X nani kaichora? Imenyooka kuliko watu wengi."

"Baba."

"Nilikwambia maneno mabaya."

"Yalikuwa ya kweli, mengine. Ningeweza kukunja uso."

"Ramani. Sikiliza. Nimeshampigia mama kumweleza. Ana vyumba vya juu, vikavu, wewe mwenyewe umethibitisha. Anasema mwashi anafaa, ngazi zina nyufa. Anasema akija na binti yake si mbaya."

"Hilo ni swali au taarifa?"

"Swali."

"Basi liulize kama swali."

"Utaolewa na mimi?"

Aliona mambo yote kwa mpangilio, kama alivyozoea. Vyumba juu ya cherehani. Kikohozi cha mzee nyuma ya ukuta mwembamba zaidi ya huu. Kiti kile kile, mikono magotini, kikimtazama mumewe kila jioni mpaka mmoja wao achoke. Alikuwa anatoka kwenye nyumba na kumbeba mwenye nyumba. Alipima hilo lote kwa macho mawili, na halikupungua.

Kutoka sebuleni mzee alisema kwa sauti ya kawaida, "Huyo ndiye aliyekuwa ananimwagia maji yangu yote jikoni?"

"Ndiye, baba."

"Mjibu basi. Mtu analoa."

"Ndiyo," alisema binti kwenye simu, kwa sauti iliyosikika nyumba nzima. "Nitaolewa na wewe. Lakini siji peke yangu."

"Najua. Mwambie mzee afungue, miwani yangu imejaa maji, sioni hata hiyo X."

Kiti kililia sebuleni. Hatua za mzee zilikwenda polepole mpaka mlangoni, zikasimama pale kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika. Kisha komeo ya kwanza ikatoka, na ya pili. Ya tatu ilikwama. Binti akaweka simu mezani, akaenda kumsaidia kuivuta.